Hiace yenye klachi mpya na gia ya pili bado inasaga: kisa cha barabara ya Kisoro–Kabale

Gari yenyewe ni Hiace ya zamani, dizeli, gia tano za mbele na riveshi, inabeba watu kati ya Kisoro na Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na siku za soko inashuka mpaka Bunagana mpakani kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa upande wa Kongo. Ilifika gareji kwetu na lalamiko moja. Dereva alisema, "Fundi, nikitoka ya tatu nikirudi ya pili inasaga mpaka abiria wote wananiangalia." Mwenye gari ni mama anayeuza vitenge na maharagwe pale mpakani, na alikuwa amekwisha lipa gareji nyingine imbadilishie klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, yaani seti nzima, hela ambayo kwa taxi ya barabara za milima unaitafuta wiki nyingi, halafu gari ikarudi barabarani inasaga vilevile. Alipokuja aliuliza kitu cha maana sana: kama klachi ni mpya, mbona gia bado zinapigana?

Nataka nijibu hilo swali lote mpaka chini, manake naona watu wengi wanaumizwa hapo. Gia ikisaga mtu wa kwanza anasema klachi, wa pili anasema nunua giaboksi nyingine used, na hakuna aliyeuliza dereva inasaga saa ngapi, gia gani, gari ikiwa imesimama au inatembea.

Tuanze na kile kinachofanyika mle ndani. Wengi wanafikiri ukisukuma mkono wa gia basi gia moja inaachana na mwenzake inaenda kutafuta nyingine ishikane nayo meno. Baadhi ya magari ya mwanzo yalikuwa hivyo kweli, zile Panhard et Levassor za Ufaransa za miaka ya 1890 gia zilikuwa zinatelezeshwa kwenye shafti mpaka zikutane, na dereva alihitaji mkono na sikio. Lakini kwenye hii Hiace na karibu kila gari ndogo ya manual unayoiona leo, gia zote za mbele zimeshikana meno muda wote, hata gari ikiwa kwenye free, yaani hakuna gia iliyoingizwa. Shafti ya kuingilia inachukua mzunguko kutoka klachi pleti, inazungusha shafti ya chini, na ile shafti ya chini inazungusha gia zote za juu kwa pamoja, kila moja kwa spidi yake. Sasa zile gia za juu hazijafungwa kwenye shafti yake. Zinazunguka bure juu ya beringi za sindano, na shafti yenyewe ndo inayoenda kwenye propela (ile shafti ndefu chini ya gari), difu (boksi la gia la kati ya tairi za nyuma), mpaka tairi.

Kwa hiyo kuingiza gia maana yake ni kufunga moja ya hizo gia za juu ishikamane na shafti. Kinachofunga ni slivu, bangili ya chuma yenye meno ndani, inakaa katikati ya gia mbili na inazunguka pamoja na shafti ya kutokea. Wewe ukivuta mkono wa gia unasukuma uma, uma inasukuma slivu, slivu inakwenda kuvaa meno madogo yaliyoko ubavuni mwa gia. Hayo meno madogo ndo yanayolia. Ukisikia ile sauti ya kusaga siyo gia kubwa zinazosagana, hizo ziko salama zinazunguka na wenzake kama kawaida, ni slivu inagonga meno madogo ambayo yanazunguka kwa spidi tofauti na yenyewe.

Ndo hapo pete ya shaba inapoingia, wengine wanaita sinkro. Fikiria kondakta anayedandia taxi inayotembea: lazima kwanza akimbie nayo sambamba mpaka spidi zilingane, ndo aweke mguu mlangoni, akirukia akiwa amesimama anavunjika. Pete ndo inayofanya hiyo kazi ya kukimbiza. Ndani yake ina umbo la koni, na gia ina koni ya chuma iliyong'arishwa, na kabla slivu haijafika kwenye meno madogo inaisukuma pete ibane ile koni, msuguano unafanya gia ipunguze au iongeze spidi mpaka ilingane na shafti. Na pete ina akili nyingine, nayo ina meno yake yenye ncha ambayo yanaizuia slivu isipite mpaka spidi zilingane, zikishalingana nguvu ya kuzuia inaisha, pete inajipindua kidogo na slivu inapita laini kabisa hausikii kitu. Cadillac ndo waliileta hii kitu kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1928 na mpaka leo ndani ya giaboksi za manual wazo ni lilelile.

Sasa klachi kazi yake ni gani hapo? Klachi inaachanisha injini na shafti ya kuingilia, ili pete isipambane na injini nzima, ipambane tu na vitu vyepesi: klachi pleti, shafti ya kuingilia, shafti ya chini na gia zake. Klachi ikiwa haiachii vizuri, injini inaendelea kuvuta ile shafti na pete hata iwe mpya haiwezi kushinda injini. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza hakuota tu, klachi isiyoachia kweli inasagisha gia. Ila klachi mbovu ina dalili zake, na hizi hazikuwa zenyewe.

Klachi isiyoachia inasumbua gia ZOTE. Na inasumbua zaidi gari ikiwa imesimama, unapoingiza ya kwanza au riveshi. Riveshi ya giaboksi nyingi za zamani haina pete kabisa, ni gia ya katikati inatelezeshwa mpaka ishikane, kwa hiyo riveshi ni shahidi asiyependelea mtu. Tuliwasha gari, tukaiacha kwenye free ikiunguruma taratibu, dereva akakanyaga klachi mpaka chini, tukasubiri sekunde kadhaa bila kugusa kitu ili shafti isimame yenyewe, halafu akaingiza riveshi. Iliingia kimya. Tukarudia injini ikiwa imepata moto, kimya tena. Ingekuwa klachi inaburuza, shafti ingeendelea kuzunguka na riveshi ingepiga kelele tu, hakuna njia nyingine. Klachi ilikuwa inaachia. Na nikimuuliza dereva vizuri, akasema hata kabla ya kubadilisha ile seti ya klachi riveshi haikuwa na shida, shida ilikuwa ya pili tu, na ya tatu kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Yaani lile jibu lilikuwepo kabla ya mama kutoa hata shilingi, na halikuhitaji spana, lilihitaji swali.

Tukazima injini tukapitisha mkono wa gia kote, ya kwanza mpaka ya tano. Zote zinaingia bila kushikwa, basi kebo na bushi za mkono wa gia siyo tatizo, na uma haikupinda kiasi cha kuonekana.

Kisha ikaja ile testi ambayo kwangu ndo iliyofunga kesi, na siyo mimi niliyeifanya. Kuna muzee anakaa pale gareji mchana, aliendesha malori ya kwenda Mombasa enzi ambazo lori haina sinkro hata moja, na nilimuomba aingie na ile Hiace barabarani tuone. Alienda spidi ya kawaida kwenye ya tatu, akakanyaga klachi akatoa gia akaweka free, akaachia klachi, akapiga mafuta kidogo injini ipande, akakanyaga klachi tena akaingiza ya pili. Iliingia kama siagi. Dabo klachi, madereva wa zamani wanaijua. Akarudia kwa njia ya kawaida, klachi moja tu moja kwa moja, ikasaga. Akarudia dabo, kimya. Muzee akasema, "Kijana wangu, hii gari meno yake yanakubali, kinachokosekana ni mtu wa kulinganisha." Sijui kama unaelewa uzito wa hayo maneno. Dabo klachi inafanya kwa mguu kazi ambayo pete inatakiwa kufanya, wakati klachi imeachiwa pale kwenye free injini inaipandisha shafti ya kuingilia mpaka spidi inayotakiwa. Ikiingia laini kwa dabo na ikasaga bila dabo, basi klachi nzima, gia nzima, na ugonjwa umebaki sehemu mbili tu: pete yenyewe, au mafuta yanayoilowesha.

Nataka tuangalie hesabu kidogo hapo, manake ndo inaonyesha pete inabeba mzigo gani. Tuchukue namba za mviringo zinazokaribiana na gari ya aina hii: tairi ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2.1, difu inapunguza mara 4, gia ya pili inapunguza mara 2.2 na ya tatu mara 1.4. Ukiwa na kilomita 50 kwa saa tairi inazunguka kama mara 400 kwa dakika, propela 1,600. Kwenye ya tatu shafti ya kuingilia inazunguka kama 2,240. Kwenye ya pili inatakiwa 3,520. Kwa hiyo ukirudi kutoka ya tatu kwenda ya pili bila kupiga mafuta, kile kipete cha shaba ambacho unakishika kiganjani kinatakiwa kukimbiza klachi pleti na mashafti kutoka 2,240 hadi 3,520, mizunguko karibu 1,280 zaidi, ndani ya nusu sekunde hivi, kwa msuguano tu.

Na sasa ongeza tabia ya dereva. Ukitoka Kabale unapita Muko, unapanda msitu wa Echuya, unafika Kanaba halafu unashuka kona baada ya kona mpaka Kisoro, na huyu kijana alikuwa anashuka kwenye free. Wengi wanashuka hivyo, wanasema wanaokoa dizeli. Injini kwenye free inanguruma kwa mizunguko kama 750. Anafika kona kali au tuta, anakanyaga klachi anaitupa ya pili akiwa na kilomita 50. Sasa pete inatakiwa kuipandisha shafti kutoka 750 hadi 3,520, mizunguko 2,770. Na joto la msuguano halipandi sawasawa na tofauti ya spidi, linapanda kwa tofauti mara yenyewe, kwa hiyo tofauti ikizidi mara mbili na kidogo joto linakaribia mara tano. Mara tano kila kona, kila safari, kwenye pete ileile. Ndo maana ya pili imekufa na ya nne bado nzuri kabisa.

Na hiyo dizeli anayodhani anaokoa haipo. Injini ya dizeli ukiachia mafuta huku gari iko kwenye gia inashuka, pampu inakata dizeli mpaka mizunguko ikaribie ya kunguruma, tairi ndo zinazozungusha injini. Kwenye free inabidi ichome dizeli ili isizime. Juu ya hapo breki zinabaki peke yake kubeba gari imejaa watu mlima mzima, zikipata moto zinaacha kushika, na pale Kanaba hakuna mahali pa kukosea. Hiyo nilimwambia dereva mbele ya mama mwenye gari, kwa heshima lakini bila kuzungusha, kwa sababu nyuma yake kuna watu.

Lakini tabia ya dereva peke yake haikunitosha. Alikuwa anaendesha hiyo gari muda mrefu na kusaga kulianza juzijuzi tu, na kile kidokezo cha ya tatu kusumbua asubuhi kilinibaki kichwani. Kisoro asubuhi ni baridi, tuko juu sana. Kitu kinachobadilika na baridi ndani ya giaboksi ni kimoja, mafuta. Nikauliza, mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini? Kijana akasema yalibadilishwa miezi kadhaa kabla ya hiyo klachi, sababu giaboksi ilikuwa na mlio, wakamwambia waweke mafuta mazito mlio upungue. Akaingiza mkono chini ya siti akatoa kidumu kilichobaki na mafuta kidogo. Kwenye karatasi yake imeandikwa 85W-140, namba ya uzito wa mafuta, na chini yake kwa herufi ndogo GL-5.

Basi, kwangu kesi ilikaa sawa hapo.

Hizo herufi ndogo ni za maana kuliko ile namba kubwa ambayo kila mtu anaiangalia. GL-5 ni mafuta ya difu. Kwenye difu za gari kama hii gia zinatelezeana kwa nguvu kubwa sana huku zimebanana, kwa hiyo mafuta yake yanatiwa dawa nyingi za salfa na fosforasi zinazotengeneza utando mgumu juu ya chuma usichubuke. Difu bila hizo dawa inakufa. Lakini pete ya sinkro inahitaji kinyume chake, inahitaji KUSHIKA koni, na utando unaotelezesha unainyima kushika. Halafu dawa hizo za GL-5 nyingi zinapokutana na joto zinaweza kuila shaba taratibu. Giaboksi nyingi zenye pete za shaba zinapendekezewa GL-4, ambayo ina dawa za namna hiyo kidogo kuliko GL-5, mara nyingi 75W-90. Kuna mafuta machache yanayoandikwa kwamba yanafaa kote kuwili, lakini hicho kidumu hakikuwa mojawapo.

Na uzito wa 140 nao una kosa lake. Pete ina mifereji midogo sana ndani ya koni, imechongwa mfano wa uzi wa skrubu, kazi yake ni kukata mafuta yatoke katikati ili shaba iguse chuma. Mafuta yakiwa mazito na asubuhi ni baridi hayakatiki haraka, pete inaelea juu yake. Tena kuna jambo zuri la kuangalia hapa: mafuta mazito yanapunguza mwendo wa shafti. Ukipandisha gia, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, shafti ya kuingilia inatakiwa ipungue spidi, kwa hiyo mafuta mazito yanamsaidia dereva. Ukirudisha gia, kutoka ya tatu kwenda ya pili, inatakiwa iongezeke, na mafuta mazito yanavuta kinyume. Ndo maana gari hii kutoka ya kwanza kwenda ya pili ilikuwa inaingia bila makelele mengi na kurudi kutoka ya tatu ndo inasaga. Gia ileile, pete ileile. Fundi akisikia hiyo tofauti anatakiwa asimame.

Tukamwaga mafuta yakiwa ya moto kwenye beseni jeupe safi. Beseni jeupe ni muhimu, usimwage kwenye mkebe mweusi au chini kwenye vumbi maana unamwaga na ushahidi. Ukilitega kwenye jua mafuta yanameta dhahabu, vumbi laini sana limeelea mle ndani. Tukapitisha sumaku taratibu, lile vumbi la dhahabu halikuja, shaba haivutwi na sumaku. Ilichokuja nacho ni uji mweusi kidogo wa chuma ambao kila giaboksi ya umri huo inao, na vipande vidogo viwili vitatu vyenye kona kali. Vumbi la shaba ni pete inaisha. Vile vipande vyenye kona ni ncha za meno madogo zilizokatika kwa kugongwa. Kwa hiyo kubadilisha mafuta peke yake tusingetibu, ingawa nilimwelezea mama kwamba gari ingeletwa mapema, kabla pete haijaisha, pengine lita chache za mafuta sahihi zingetosha kabisa.

Alikubali tufungue. Alisema, "Fundi, fungua, lakini safari hii nataka nione kwa macho yangu kilichoharibika." Haki yake. Kila mwenye gari anatakiwa aseme hivyo na kila fundi anatakiwa afurahi kuambiwa hivyo.

Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa, tukaweka vitu mezani kwa mpangilio wa vilivyotoka. Kipimo cha pete ni rahisi, unaichukua unaivalisha kwenye koni ya gia yake, unaibana kwa vidole huku unaizungusha kidogo, halafu unapima kwa fila geji (bledi nyembamba za chuma za kupimia nafasi) nafasi iliyobaki kati ya mgongo wa pete na meno madogo ya gia. Pete ikiisha inazama zaidi kwenye koni na nafasi inapungua. Giaboksi nyingi za Toyota za zamani kikomo chake ni kama milimita 0.8, chini ya hapo pete haifai. Ya nne ilikuwa na nafasi nzuri. Ya tatu ilipita lakini karibu na mpaka. Ya pili hata bledi nyembamba kabisa haikuingia, pete ilikuwa imegusa gia. Na pete ikishagusa gia hakuna tena kubana koni, hata usukume kwa mikono miwili nguvu yote inaishia kwenye mgongo wa gia, hakuna msuguano, hakuna kuzuia, slivu inapita inaenda kugonga moja kwa moja. Nilimpa mama ashike pete mbili, ya nne na ya pili, apitishe kucha ndani. Kwenye ya nne kucha inahesabu mifereji. Kwenye ya pili kucha inateleza, ndani ni laini imeng'aa na imefanya weusi kiasi. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Meno madogo ya gia ya pili yalikuwa yameliwa ncha, yamekuwa butu, lakini bado yana mwili, na muhimu ni kwamba gia ilikuwa hairuki yenyewe ikiwa imevutwa. Ningeona mgongo wa meno umeliwa upande wa ndani, pale slivu inaposhika, ningesema gia nayo ibadilishwe. Tulibadilisha pete na slivu pamoja na hab yake (kitovu kinachobeba slivu) kwa sababu slivu nayo ncha zilikuwa zimeumia. Pete ziliagizwa Kampala kwa wauza spea wa pande za Kisekka zikaja na basi, na kabla ya kulipa hela yote tukazipima kwenye koni yetu hapohapo. Pete ya kopi inaweza kung'aa dukani na ikakaa vibaya kwenye koni, fila geji haidanganyi.

Na ule mlio uliowafanya waweke 140 mwanzoni? Huo nao ulikuwa na jibu lake. Gari ikiwa imesimama kwenye free mlio ulikuwepo, ukikanyaga klachi unapotea. Hiyo tayari inaitoa beringi ya nyuma ya shafti ya kutokea kwenye mashtaka, sababu gari imesimama hiyo haizunguki. Inabaki ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Barabarani mlio uliendelea hata kwenye ya nne, na ya nne kwenye giaboksi hii ni dairekti, nguvu inapita moja kwa moja bila kupitia shafti ya chini, hiyo inazunguka tu bila mzigo. Mlio usiopungua kwenye ya nne ulielekeza kidole kwa beringi ya shafti ya kuingilia, na tulipoifungua ilikuwa na mashimo madogo kwenye njia ya vidonge vyake. Beringi moja. Hiyo beringi ndo ilizaa mafuta mazito, mafuta mazito ya difu yakaua pete, pete ikasingiziwa klachi. Kila hatua mtu alilipa.

Tukafunga, tukajaza GL-4 75W-90 mpaka mafuta yaanze kutoka kwenye tundu la ubavuni gari ikiwa imesimama sawa. Tukafungua na difu kuangalia, huko GL-5 ilikuwa mahali pake tukaiacha. Nikaandika kwa rangi nyeupe kwenye mwili wa giaboksi "GL-4" ili fundi mwingine yeyote akilala chini ya hiyo gari aione kabla hajafungua nati.

Dereva tulienda naye mpaka Kanaba na kurudi. Nilimuonyesha kushuka kwenye ya tatu au ya pili kuanzia juu ya mlima, gia anaichagua kabla mteremko haujaanza, asisubiri gari ishike kasi ndo aitafute. Muzee naye akamfundisha dabo klachi, siyo kwamba gari inaihitaji sasa hivi, ila pete ya tatu iko karibu na mpaka na mguu uliofundishwa unaipa maisha. Kijana aliishika haraka kuliko nilivyotegemea.

Tangu hapo gari imerudi kwetu kwa mafuta ya injini na breki. Ya pili inaingia kwa vidole viwili, asubuhi na mchana. Mama aliuliza kama ile klachi mpya ilikuwa hasara yote, nikamwambia hapana, ipo inafanya kazi na itamchukua muda mrefu, ila haikuwa dawa ya ule ugonjwa na aliyemuuzia alitakiwa ajaribu riveshi kwanza. Mafuta ya giaboksi tutayamwaga tena kwenye beseni jeupe mwisho wa msimu wa mvua kuona kama ya tatu imeanza kutoa dhahabu, na pete yake tayari ameinunua imekaa dukani kwake kwenye bahasha.